Kinanda cha Kwanza, au cha Pili? Uchambuzi wa Kisa cha Jubilei ya Usharika

Kisa hiki ni cha usharika mmoja wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Jina lake, majina ya watu na alama za kuutambua nimeviondoa, na mwaka wa kuanzishwa nitausema kwa kukadiria tu: kati ya 1893 na 1900. Nilishiriki kama mtunza nyaraka wa kujitolea, kwa hiyo baadhi ya makosa utakayoyasoma humu ni yangu.

## Usuli

Pembeni mwa madhabahu, chini ya kitambaa cha zambarau kilichochakaa, kulikuwa na kinanda cha kukanyaga. Mbao nyeusi, kanyagio mbili zilizolika upande wa kisigino, na vishikio tisa vya kuvuta vyenye vichwa vyeupe vya kauri. Kimoja kimeandikwa Vox humana, Kilatini cha "sauti ya binadamu". Waumini wa makamo hawakuwahi kukisikia kikilia. Kwao kilikuwa meza ya maua na, siku za kipaimara, mahali pa kurundika mikoba.

Hadithi yake, hata hivyo, kila mtu aliijua. Kililetwa na mmisionari wa kwanza. Wapagazi walikipandisha kichwani kutoka pwani. Siku kilipolia mara ya kwanza, wazee waliokaa chini ya mti walidhani kuna mtu kafungiwa ndani, na mmoja akaomba afunguliwe. Hadithi hiyo husimuliwa kila sikukuu ya mavuno, na watu hucheka palepale kila mwaka.

Historia pana inajulikana vizuri zaidi. Waanglikana wa CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, walikuwa Moshi ya Kale tangu 1885, wakaondoka 1892 baada ya mgogoro na utawala wa Wajerumani. Mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Misheni ya Leipzig: Machame 1893, Mamba 1894, Kidia 1896. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920. Kazi ikabaki mikononi mwa walimu wa Kichaga, Walutheri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, wakaja kusaidia, na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, kabla ya vita ya pili kuwang'oa tena. Kwa mtu wa nyaraka, hayo ni matundu mawili. Kila mmisionari alipoondoka kwa haraka, vitabu vilibaki kwenye masanduku, na kwenye masanduku kuna mchwa.

Kamati ya jubilei ilikuwa na watu saba. Fedha zilitoka kwenye minada ya baada ya ibada: mikungu ya ndizi, kuku, maziwa, siku moja hata mbuzi. Kamati ilitaka mambo mawili kwa kinanda: kilie siku ya jubilei, na kibandikwe kibao cha shaba chenye maneno KINANDA CHA KWANZA CHA USHARIKA na mwaka wa kuanzishwa. Kibao kilikwisha kuchongwa kabla hatujaitwa.

## Yaliyotokea

Hata kinanda hakikutusubiri. Seremala wa usharika, mtu mwema asiyedai hata nauli, alikuwa amekwisha kukifungua mgongo. Aliziba nyufa kwa gundi nyeupe ya mbao, akapaka vanishi mikono miwili, na akachomoa ndimi tisa, vile vipande vyembamba vya shaba vinavyotoa sauti hewa ikipita, akazisugua kwa msasa mpaka zikawaka. Tulipofika kilikuwa kinang'aa kama jeneza jipya.

Nilikwenda na fundi wa vinanda kutoka mjini. Siku ya kwanza hakugusa bisibisi. Alimwomba kijana mmoja wa kwaya akanyage, kisha akaning'iniza kipande cha karatasi ya daftari mbele ya safu ya ndimi. Karatasi ikavutwa ndani, kwa unyonge. Haikusukumwa nje.

Kipimo hicho kidogo kina maana kubwa. Harmoniamu, yaani kinanda cha ndimi, ya kwanza, aliyoisajili fundi Debain kule Paris mwaka 1842, husukuma hewa kupitia kwenye ndimi. Wamarekani, wakiwamo kiwanda cha Estey cha Brattleboro, Vermont, walieneza aina nyingine, ambayo mivukuto yake hunyonya hewa na ndimi zake huchomolewa mojamoja kwa ndoana. Ujerumani aina hiyo ya kunyonya ilianza kutengenezwa mwaka 1889, na Theodor Mannborg, katika mji wa Borna karibu na Leipzig. Kinanda chetu kilikuwa cha kunyonya na maandishi yake ni ya Kijerumani. Basi hakiwezi kuwa cha kabla ya 1889.

Hapo nikateleza. Mweka hazina aliniuliza, "Kwa hiyo cha 1893 kinaweza kuwa?" Nikajibu, "Kinaweza." Nilimaanisha kwamba hakuna kinachozuia. Jumapili iliyofuata ikatangazwa madhabahuni kwamba mtaalamu amethibitisha.

Tangazo lilileta wageni. Mmoja alijitambulisha kama mnunuzi wa vitu vya kale, akabonyeza vibonyezo viwili vitatu, akasema ni meno ya tembo na akataja bei iliyowafanya wazee wawili watazamane. Fundi akaleta tochi. Pembe ya ndovu huwa na mistari myembamba kama ya mbao, na kwenye vibonyezo vya zamani kila kimoja kimefunikwa kwa vipande viwili vilivyoungana, kichwa na mkia, kwa hiyo kuna mshono. Vyetu havikuwa na mshono wala mistari: ilikuwa seluloidi, plastiki ya zamani. Nikiri nilisikitika kidogo. Meno ya tembo yaliyobebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo na Unguja yaliishia kwa wingi Connecticut, Marekani, ambako kijiji kimoja kinaitwa Ivoryton kwa sababu ya viwanda vya vibonyezo vya piano. Ingekuwa simulizi nzuri, pembe kurudi nyumbani imevaa koti la Ulaya. Lakini haikuwa hivyo, na mnunuzi hakurudi tena.

Wiki ya tatu tulikwenda kumwona bibi aliyepita miaka tisini, binti wa mwinjilisti wa zamani. Nilikuwa na orodha ya maswali. "Shikamoo bibi. Kile kinanda cha kanisani, kilikuja mwaka gani?" Akasema, "Hicho sikijui." Nikauliza kwa njia nyingine: baba yake aliwahi kusimulia kilivyobebwa? "Cha baba kilibebwa na mtu mmoja. Hicho sikijui." Nikaandika kwenye daftari: hakumbuki vizuri. Nikanywa chai, nikashukuru, nikaondoka.

Kisha mambo yakaja kwa mkupuo.

Katibu, mwalimu mstaafu, alifungua sanduku la bati lililokuwa stoo chini ya viti vibovu. Ndani yake kulikuwa na daftari la hesabu, robo yake imeliwa, kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao sisi hatukuweza kuusoma. Tulimpata mtu wa kuusoma. Kwenye ukurasa wa 1912, katikati ya misumari na mabati, palikuwa na malipo kwa rupia na heller, fedha za enzi ya Wajerumani, kwa watu wanane waliobeba harmoniamu "kutoka stesheni". Sasa, reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo, kwetu hapakuwa na stesheni ya kubebea kitu.

Fundi naye akaamua kuchomoa kibonyezo cha kwanza kushoto, kile cha sauti nzito kuliko zote. Mafundi wa viwandani walikuwa na mazoea ya kuandika ubavuni mwake. Palikuwa na penseli, hafifu lakini safi: Mei 1910.

Na mimi, usiku mmoja, nikipekua picha za misheni zilizowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, nikakuta picha ya kituo chetu kabla ya kanisa la mawe. Nyumba ya nyasi, watoto mstari mmoja wamekunja mikono. Kwenye kibaraza kuna kisanduku juu ya miguu iliyopishana kama ya kitanda cha kambi. Nilikitazama dakika nzima kabla sijaona safu ya vibonyezo.

Kinanda cha kukunja. Kinafungwa kama sanduku la safari na mtu mmoja anakibeba.

Asubuhi nilirudi kwa bibi na simu yangu. Akaisogeza karibu na jicho la kulia. "Ehe, ndicho. Kilikuwa kinakunjwa kama meza. Si nilikwambia, mwanangu?"

## Kiraka

Kitu kikubwa kuliko vyote kilitoka chini kabisa, na hakuna aliyekuwa akikitafuta. Fundi alipoinua mivukuto alikuta kitambaa cha kiwandani kimepasuka kwenye kona na kuzibwa. Kiraka kilikuwa cha ngozi ya mbuzi, imekwanguliwa mpaka mwanga wa tochi unapita. Nyuzi zilikuwa za katani. Chini ya ngozi, ili kuzuia hewa, palibandikwa karatasi kwa kitu kilichokauka kuwa unga mweupe, pengine uji wa muhogo. Karatasi ilikuwa ya gazeti, kwa Kiswahili. Kwenye pembe moja zilisomeka herufi za Mambo Leo, na chini yake 1924.

Mambo Leo lilikuwa gazeti la mwezi la serikali ya Tanganyika, lilianza Dar es Salaam Januari 1923. Kwa hiyo kiraka hakikushonwa kabla ya 1924. Katika miaka hiyo kituo hakikuwa na Mjerumani, na daftari la ubatizo limeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa Kichaga. Aliyeshona kiraka hakuacha jina. Lakini mishono ilikuwa midogo, imelingana, na kila baada ya mishono kumi aliweka fundo ili pakikatika mahali pamoja pasifumuke pote.

Fundi, ambaye kwa kawaida haongei, alisema, "Huyu alitaka ibada ya Jumapili isikose."

## Maamuzi, na kwa nini

Kikao cha kamati kilichukua saa nne. Hoja zilikuwa tatu na hazikuwa na uzito sawa.

Hoja ya kibao ilikuwa na joto zaidi kuliko ugumu. Mweka hazina alisema fedha zimetumika na tangazo limetolewa. Mzee mmoja akauliza kama tunasema babu zao walikuwa waongo. Katibu ndiye aliyetuokoa: aliweka mezani picha ya kisanduku, daftari la hesabu na maneno ya bibi, akasema kwa utaratibu wa mwalimu kwamba vinanda vilikuwa viwili. Hadithi ya mpagazi na ya mtu aliyefungiwa ndani ni ya kile cha kwanza. Cha kwanza kilipopotea machoni, hadithi ikahamia kwa kilichobaki. Hakuna mwongo. Kibao kikawekwa kando kwa kura tano dhidi ya mbili.

Hoja ya kukifanya kilie ilikuwa ngumu kweli. Kuiziba mivukuto vizuri kulihitaji kubandua kitambaa chake chote, na kiraka kingetoka nacho. Zaidi ya hapo kulikuwa na suala la sauti. Kinanda kilipangwa kwa kiwango kilichokuwa cha kawaida Ulaya wakati ule, ambapo noti ya La ni mitetemo 435 kwa sekunde. Kinanda cha umeme cha kwaya ni 440. Tofauti ni takribani moja ya tano ya nusu toni, ndogo kuisema, lakini vikilia pamoja sikio linakunja uso. Halafu zile ndimi tisa za msasa: ulimi ukipunguzwa kwenye ncha sauti hupanda, ukipunguzwa kwenye shina hushuka, na seremala alikuwa amesugua kotekote. Kila moja ilikwenda njia yake.

Fundi alitoa njia mbili: kukarabati kikamilifu na kupoteza kiraka, au kusafisha vumbi, kuua mchwa kwenye miguu tu, na kukiacha kimya. Kamati ilichagua ya pili. Mwalimu wa kwaya alipinga mpaka mwisho, na sidhani alikosea kabisa. Alisema kinanda kisicholia ni kabati. Akapewa ulimi mmoja.

Hoja ya tatu, kumwambia seremala, ilimalizwa na mchungaji peke yake, nyumbani kwa seremala, bila muhtasari.

## Matokeo

Siku ya jubilei tarumbeta zilitangulia. Kijitabu cha historia kilikuwa na aya mpya mbili: moja ya kisanduku cha kukunja, moja ya kinanda cha 1910 kilichopanda kutoka stesheni kwa watu wanane. Kwa kujiridhisha tulikipima kwenye mizani ya kahawa, kikawa kilo 96. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, kwa hiyo watu wanane wakipokezana ni hesabu inayokubalika.

Kabla ya wimbo wa kwanza mwalimu wa kwaya alitoa ulimi wa shaba mfukoni, akauweka mdomoni, akapuliza. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, ikasikika mpaka viti vya nyuma. Kwaya ikachukua noti ile, na kinanda cha umeme kilizimwa kwa wimbo huo mmoja.

Si wote waliridhika. Wazee wawili hawakuhudhuria chakula. Vanishi haitoki bila kuchukua rangi ya asili, kwa hiyo itabaki. Gundi nyeupe nayo itabaki. Gundi ya zamani ya ngozi huachia kwa maji ya moto, hii haiachii bila kuvunja mbao. Kibao cha shaba kiko kwenye droo ya mweka hazina, kimelazwa kifudifudi.

## Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kwenye swali. Wote tuliuliza kinanda kina umri gani. Hakuna aliyeuliza vilikuwa vingapi. Swali la umri lina jibu moja, na anayelijibu vinginevyo anaonekana kasahau. Bibi alitupa ufumbuzi wiki ya tatu, bure, kwa sentensi mbili, nami nikauandika kama upungufu wa kumbukumbu. Laiti ningesema tu "nieleze kinanda cha baba yako" na kunyamaza, tungeokoa mwezi mzima. Sasa kwenye fomu zangu za mahojiano nimefuta kabisa kipengele cha "anakumbuka / hakumbuki". Ninaandika alichosema, kwa maneno yake.

La pili ni neno "kinaweza". Kwa mtu wa nyaraka ni mlango ulioachwa wazi. Kwa mtu mwenye kibao kilichokwisha kuchongwa ni hati ya kumiliki. Nilipaswa kumwandikia mweka hazina mistari miwili: tunachojua ni baada ya 1889, tusichokijua ni mwaka wenyewe. Maandishi hayatangazwi kirahisi kama mazungumzo ya mlangoni.

Kuhusu ukarabati, mfuatano wetu ulikuwa kinyume. Kazi ya seremala ilitangulia uchunguzi, na ndiyo pekee isiyorudishika. Simlaumu. Aliambiwa kisafishwe, akakisafisha kama anavyosafisha kabati. Kamati haikumwambia kwamba uchafu nao ni kumbukumbu, kwa sababu haikujua. Penseli ya Mei 1910 ilinusurika kwa bahati tu, kwani msasa haukufika kwenye vibonyezo.

Kilichofanya kazi ni kwamba kila ushahidi ulisimama kwa mguu wake. Penseli ilihusu kiwanda, daftari lilihusu safari, picha ilihusu kituo, bibi alihusu familia. Hakuna uliotegemea mwingine, na wote ulipoelekea upande mmoja hata waliopiga kura ya hapana hawakusema ni uzushi. Tulichokosa ni nyaraka za Misheni ya Leipzig zenyewe, ambazo leo zinatunzwa Halle, Ujerumani, kwenye Wakfu wa Francke. Tulianza miezi mitano kabla ya sherehe, na barua ya kwenda huko ilipaswa kuwa ya kwanza, siyo wazo la mwisho.

Na bado ninajiuliza kuhusu kiraka. Usharika ulitafuta mwanzo wake kwa mmisionari aliyeleta kitu, na ukaupata pia kwa mtu aliyekizuia kisife wakati wa upungufu. Nilipendekeza kijitabu kiwe na aya ya tatu kuhusu yeye. Kamati ikasema hatuna jina, tutaandikaje? Aya haikuingia. Katibu hakukubaliana, na ameanza kulinganisha mwandiko wa daftari la ubatizo na wa vitabu vingine vya miaka ile, ukurasa kwa ukurasa, kila Alhamisi mchana.

## Kilichofuata

Kijitabu kilipofika mitaani, watu waliiona picha ya kisanduku. Mwezi uliopita mzee wa mtaa mmoja wa juu, karibu na msitu, alinitumia picha kwa simu. Ni sanduku lenye bawaba za shaba, kifuniko kimetobolewa matundu ya hewa, na ndani kuna vifaranga kumi na mmoja. Pembeni yao, chini ya majani makavu, kuna kitu chenye mistari myeusi na myeupe. Tunapanda Jumamosi. Tumemwomba jambo moja tu kwa sasa: asilipake rangi.